Uliza Kilichokataa Kustawi: Ushauri kwa Anayetembelea Viwanda Vichanga vya Mvinyo

Safari yangu ya kwanza ya kutembelea viwanda vya mvinyo vijijini niliipanga kama mtu anayekwenda sokoni na orodha ndefu na kikapu kidogo. Niliandika majina ya viwanda sita, nikayapanga kwa kufuata barabara, nikajipa saa moja kwa kila kimoja, na kuamini kwamba ikifika jioni nitakuwa nimelijua eneo zima. Kiwanda cha kwanza kilinipokea vizuri. Cha tatu nilikuta lango limefungwa kwa mnyororo, na kibao cha kukaribisha wageni kimeangukia majanini. Cha nne kilikuwa kimejaa watu wa harusi. Nilipofika cha tano, saa kumi jioni, ulimi wangu ulikuwa umekufa ganzi kwa ukakasi, hata ningemiminiwa siki nadhani ningeisifu. Cha sita sikukifikia.

Cha pili ndicho ninachokikumbuka mpaka leo, na si kwa sababu mvinyo wake uliwapita wengine. Nilimkuta mzee mmoja amevaa mabuti ya mpira, anasafisha mabomba peke yake, na kwa kukosa la kusema nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimeliandaa: "Mzee, kuna kitu ulichokipanda hapa kikakataa?" Akafunga maji, akanitazama kidogo, akasema, "Twende nikuonyeshe." Tulitelemka hadi sehemu ya chini kabisa ya shamba, mahali palipokuwa na nyasi tupu, akanieleza kwamba pale alikuwa amepanda Pinot Noir, zabibu ambayo huchipua mapema kuliko nyingi, na kwamba kwa miaka miwili mfululizo baridi ya alfajiri iliunguza machipukizi yote kabla hayajafungua majani. Hewa baridi ni nzito, alisema. Usiku hutiririka kutoka mlimani kama maji na kutuama bondeni. Wafugaji wa jirani walikuwa wamemwambia hivyo kabla hajachimba shimo la kwanza, naye akadhani ni maneno ya watu wasiojua kilimo cha zabibu. Mizabibu aliyoipanda mita chache tu juu ya mteremko ilikuwa imesimama, mizima, na ndiyo iliyozaa mvinyo nilioonja baadaye.

Ushauri wangu wote kwa anayekusudia safari kama hii unatoka kwenye matembezi yale ya dakika ishirini. Katika eneo ambalo kilimo cha mizabibu ndiyo kwanza kinachipukia, usiende kukusanya idadi ya viwanda. Chagua vichache, piga simu kabla, na ukifika uliza juu ya yale yaliyoshindikana, kwa kuwa humo ndimo eneo changa linamojifunza, na wewe mgeni unaweza kujifunza pamoja nalo.

Ili kuelewa kwa nini nasema hivyo, ni vyema kujua uchanga wa eneo la mvinyo una maana gani. Mche wa mzabibu kwa kawaida hauzai zabibu za kutengenezea mvinyo mpaka mwaka wa tatu hivi tangu upandwe, na zao hilo lenyewe huwa dogo. Maana yake ni kwamba mtu aliyepanda shamba lake miaka kumi iliyopita amevuna labda mara saba au nane tu, na kila mavuno ni jaribio linalochukua mwaka mzima kurudiwa. Mwokaji akikosea leo hurekebisha kesho asubuhi. Mtengeneza mvinyo akikosea husubiri msimu mwingine, na msimu huo huja na mvua zake na jua lake. Maeneo makongwe yamerithi majibu ya maswali mengi, kama vile zabibu gani ipandwe kwenye mteremko upi na ivunwe lini, kutoka kwa vizazi vilivyotangulia. Eneo changa bado linauliza, na mara nyingi anayeuliza ni huyohuyo anayekumiminia glasi.

Uchanga huo si sababu ya kudharau. Tarehe 24 Mei 1976, jijini Paris, waamuzi wa Kifaransa walionja mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuonyeshwa lebo, na mvinyo uliopata alama za juu kwa upande wa mwekundu ukawa wa Stag's Leap Wine Cellars wa mwaka 1973, uliotokana na mizabibu iliyopandwa mwaka 1970 tu. Kwa upande wa mweupe, wa kwanza ulikuwa wa Chateau Montelena, nao pia kutoka California. Huko New Zealand, wilaya ya Marlborough ilikuwa nchi ya kondoo na malisho mpaka kampuni moja ilipoanza kupanda mizabibu ya biashara mwaka 1973. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, mvinyo mweupe wa Marlborough wa zabibu iitwayo Sauvignon Blanc ulikuwa unajulikana dunia nzima. Ninayataja haya kwa tahadhari, kwa sababu kila eneo changa nililolitembelea halikukosa mtu wa kuniambia kwamba wao ndio Marlborough ijayo, na sehemu nyingi hazitakuwa. Hata hivyo, anayekwenda mapema huona jambo ambalo hawezi kuliona baadaye, yaani watu wakifanya uamuzi kabla hakujawa na desturi ya kuwaongoza.

Sasa nije kwenye mambo ya vitendo, na la kwanza ni simu. Katika kiwanda kidogo, mtu mmoja au familia moja hupogoa, huvuna, huchachusha, hubandika lebo, hufanya mahesabu na hupokea wageni. Saa za kufungua zilizoandikwa mtandaoni huwa ni nia njema zaidi kuliko ahadi. Piga simu siku tatu au nne kabla, taja mko wangapi, na uliza kama mwenyewe atakuwepo. Akisema siku fulani hatakuwepo ila kutakuwa na kijana wa kumimina, badilisha siku yako ukiweza. Siku za katikati ya wiki ni bora mno kuliko mwisho wa wiki. Ukichelewa, piga tena, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba mtu ameteremka kwenye trekta kwa ajili yako. Na kama mko zaidi ya sita, sema mapema, maana meza ya kuonjea mara nyingi ni ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili.

Kuhusu barabara sitasema mengi. Pakua ramani kabla ya kuondoka kwa kuwa mtandao hukatika, jaza mafuta mjini, na usiamini makadirio ya muda ambayo simu inakupa kwenye barabara za vumbi.

Suala la msimu linahitaji maelezo zaidi. Watu wengi hutamani kwenda wakati wa mavuno, ambao katika nusu ya kaskazini ya dunia kwa kawaida huwa kati ya Agosti na Oktoba, na katika nusu ya kusini huwa kati ya Februari na Aprili. Maeneo yaliyo karibu na ikweta yana kalenda yao: mzabibu usiopata baridi ya kuulaza husubiri mkasi wa mkulima, na kwa kupanga muda wa kupogoa anaweza kupata mavuno mawili kwa mwaka. Mavuno yanapendeza macho, harufu ya juisi mbichi imejaa hewani na vichala vinaingia kwa makreti. Lakini huo ndio wakati ambapo mwenyeji hajalala, mashine imekwama, na mvua inatishia safu ambazo bado hazijavunwa. Niliwahi kwenda wakati huo na nikajiona nimekuwa mzigo; nilichopata ni kuonja haraka haraka na kuombwa radhi mara nne. Siku hizi napendelea majuma ya kupogoa, mizabibu ikiwa haina jani hata moja na shamba likionekana kama limekufa. Mkulima anayepogoa anatembea polepole kutoka shina hadi shina, mikono ina kazi lakini mdomo hauna, na mtu anayejua kusikiliza anaweza kufuatana naye saa nzima.

Ukienda wakati mvinyo unachachuka, kuna onyo ambalo nalitoa bila kulipunguza makali. Uchachukaji hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, na hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida, haina rangi wala harufu ya kukutahadharisha, na hukaa chini kwenye vyumba vilivyofungwa na ndani ya matangi. Imewaua watu wazoefu waliojua kazi yao. Usiingie chumba cha matangi peke yako, usiinamishe kichwa ndani ya tangi ili kunusa, na kama una mtoto mshike mkono. Katika viwanda vikubwa kuna vifaa vya kupima hewa. Katika kidogo huenda tahadhari pekee ikawa mlango ulioachwa wazi.

Omba kuanzia shambani. Wageni wengi hukimbilia chumba cha kuonjea, na wenyeji wamezoea hivyo, kwa hiyo ukisema ungependa kwanza kuona mizabibu utaona uso wa mtu unabadilika. Ila angalia viatu vyako. Katikati ya karne ya 19 mdudu mdogo aitwaye filoksera, anayefyonza mizizi ya mzabibu, alisafiri kutoka Marekani hadi Ulaya, na kuanzia miaka ya 1860 akaangamiza sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa, mpaka ilipogunduliwa kwamba mizabibu ya Ulaya inaweza kupandikizwa juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mizizi yake humstahimili. Hadi leo mizabibu mingi duniani husimama juu ya mashina hayo, lakini yapo maeneo ambayo mdudu huyo hajayafikia, ambako mizabibu bado imesimama juu ya mizizi yake yenyewe, na udongo ulioshika kwenye soli ya mgeni ni mojawapo ya njia anazoweza kusafiria. Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Nilitoka shamba moja nikiwa na matope hadi kwenye vifundo vya miguu, nikaingia la pili, na mama mwenye shamba akanisimamisha langoni bila ukali wowote: "Samahani mgeni wangu, tuanze na viatu." Akaniletea beseni la dawa na brashi. Tangu siku hiyo hubeba jozi ya pili ya viatu kwenye gari, na huosha ya kwanza kabla ya kulala.

Ndani ya shamba tazama vitu ambavyo ni rahisi kuvipita. Waridi lililopandwa mwisho wa safu ni desturi ya zamani, kwa sababu waridi hushikwa na ukungu upesi na mkulima akaona dalili kabla mizabibu haijaugua, ingawa siku hizi wengi hulipanda kwa ajili ya kupendeza tu. Tazama kama majani yameondolewa kuzunguka vichala ili upepo upite, na upande gani yameachwa ili kuzuia jua kali. Ukiona vichala vibichi vimekatwa na kutupwa chini, usidhani ni uzembe. Mkulima amepunguza mzigo ili vilivyobaki viive sawasawa. Uliza sababu, kwa kuwa kila jambo la namna hiyo limegharimu mtu fedha na usingizi. Usichume zabibu ule bila kuruhusiwa, si kwa adabu peke yake, bali kwa kuwa huenda safu hiyo imepulizwa dawa juzi.

Sasa kuonja. Watu huniuliza viwanda vingapi kwa siku, nami husema viwili, vitatu kama viko jirani. Hesabu ni rahisi. Kiwanda kikikumiminia aina tano za mvinyo, mililita 40 kila moja, hizo ni mililita 200. Kwa viwanda sita nilivyopanga siku ile ya kwanza, zingekuwa mililita 1,200, yaani zaidi ya chupa moja na nusu ya kawaida ya mililita 750, zilizonywewa na mtu ambaye baadaye angeshika usukani. Hata bila kuzungumzia sheria, ambayo hutofautiana kati ya nchi na nchi na ambayo ni wajibu wako kuijua kabla ya kuondoka, akili haikubali. Muwe na dereva ambaye haonji kabisa, au mkodi gari na mtu wake. Mpangilio wa kupokezana, kwamba wewe uonje kiwanda hiki na mwenzako kile, hauna maana, kwa sababu saa mbili baadaye pombe ya asubuhi bado ingali mwilini.

Na uteme. Najua neno hili linawaudhi waliolelewa kuona kutema mbele ya watu ni utovu wa heshima, na mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilimeza kila kitu kwa kuogopa kumkosea mwenyeji. Baadaye niligundua kwamba wenyeji hutema kila siku, na kwamba anayetema huonekana mtu aliyekuja kwa kazi. Kama hujazoea, fanya mazoezi nyumbani kwa maji kwenye sinki: kaza midomo, sukuma kwa ulimi, kata ghafla. Usipojifunza utachafua shati lako mara moja au mbili, na hakuna atakayekucheka zaidi yako. Tahadhari ni kwamba kutema hakuondoi yote. Kiasi fulani huingia mwilini kupitia kinywa, na kingine humezwa bila kujua.

Kula vizuri kabla, kunywa maji mengi, na usijipake manukato siku hiyo, kwa kuwa yatawanyima wenzako wote pua zao. Mfuatano wa kawaida ni mweupe kabla ya mwekundu na mkavu kabla ya mtamu, na mwenyeji ataupanga mwenyewe. Ule ukakasi unaokausha kinywa kwenye mvinyo mwekundu unatokana na tanini, zitokazo kwenye maganda na mbegu za zabibu, nazo hujilimbikiza mdomoni; kipande cha mkate mkavu na maji husaidia, lakini kinachosaidia kweli ni kupumzika.

Katika viwanda vichanga utakutana na mvinyo wenye kasoro, na hili ni jambo ambalo waandishi wengi wa safari hulikwepa kwa upole. Mvinyo unaonuka siki au rangi ya kucha umevamiwa na bakteria wanaogeuza pombe kuwa asidi. Mweupe uliogeuka kahawia kabla ya wakati wake na kunukia tufaha lililopondeka umepata hewa kupita kiasi. Harufu ya yai bovu hutokana na chachu iliyokosa lishe wakati wa kuchachua, na mara nyingine hupungua ukiitikisa glasi na kungoja. Harufu ya boksi lililoloa au chumba cha chini chenye ukungu hutokana na kizibo, ambapo kemikali iitwayo TCA imeingia kwenye mvinyo. Haidhuru afya, ila huua harufu ya zabibu na kuacha kinywaji kimenyauka. Zaidi ya kasoro hizi kuna pipa lililotumika kama kitambaa cha kufunika meza mbovu: mvinyo unaonukia vanila, moshi na mbao tupu, zabibu haionekani. Pipa la mwaloni la lita 225 ni ghali, na mtu aliyelinunua hushawishika kukuonyesha kwamba analo.

Kasoro ya kizibo ndiyo iliyonifundisha kusema. Nilimiminiwa mvinyo mwekundu, nikanusa, nikahisi boksi lililoloa, na badala ya kuuliza nikasema ni mzuri sana, nikatafuta hata maneno ya kuupamba. Dada mmoja aliyekuwa pembeni yangu alinusa glasi yake, akamwambia mwenyeji kwa sauti ya chini, "Kaka, naomba uinuse hii, huenda pua yangu imechoka." Mwenyeji alinusa, akakunja uso, akaimwaga chupa yote kwenye sinki, na kufungua nyingine. Ulikuwa mvinyo mwingine kabisa, wenye harufu ya matunda meusi na pilipili, na mimi nilikuwa nimekwisha kuusifu ule mfu. Tangu hapo nimeiazima kauli ya dada yule, maana inampa mwenyeji nafasi ya kugundua mwenyewe, na wala haimdhalilishi mtu. Ukikuta kasoro inayotokana na utengenezaji wenyewe, usitoe hukumu mbele ya wageni wengine. Uliza tu mwaka ule ulikuwaje. Ukweli huja wenyewe.

Swali lingine ambalo ni la lazima, hata kama linahitaji ujasiri kidogo, ni hili: "Zabibu hizi zimelimwa wapi?" Kiwanda ambacho mizabibu yake bado haijazaa vya kutosha hununua zabibu, juisi, au hata mvinyo uliokwisha kutengenezwa, kutoka mikoa ya mbali, na kuuza kwa lebo yake ili kulipa madeni huku kikingoja shamba. Sioni dhambi hapo, mradi isemwe waziwazi. Dhambi ni kumwacha mgeni apige picha mbele ya safu za mizabibu midogo huku akinywa mvinyo uliosafirishwa kwa lori, akidhani anaonja udongo aliosimama juu yake. Soma lebo ya nyuma. Ikiwa jina la eneo halijatajwa popote, uliza. Nilipouliza mahali fulani, mwenye kiwanda alicheka akasema ni aina moja tu kati ya sita iliyotoka shambani kwake, kisha akaniletea hiyo, chupa isiyo na lebo bado, na ikawa ndiyo sababu ya safari yangu nzima kuwa na maana.

Epuka pia kupima kila kitu kwa mizani ya Bordeaux, eneo kongwe la mvinyo nchini Ufaransa. Mahali penye baridi kali sana zabibu za Ulaya zinaweza kufa, kwa hiyo wakulima hupanda chotara zilizozalishwa kwa kuchanganya mizabibu ya Ulaya na ya mwituni ya Amerika, kama Frontenac ya mwaka 1996 na Marquette ya mwaka 2006, zote kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota. Mgeni anayeingia na kuuliza tu kama kuna Cabernet Sauvignon, zabibu nyekundu maarufu ya Ulaya, atajibiwa kwa adabu, na mazungumzo yataishia hapo. Mimi huomba kuonja zabibu nisiyoweza kulitamka jina lake. Mara nyingi hainipendezi. Mara moja moja inanishangaza, na nakumbuka zile mara moja moja.

Kuhusu kununua, sina kanuni ngumu. Viwanda vingi hutoza ada ya kuonja na kuiondoa ukinunua chupa. Lipa bila kunung'unika, kwa sababu kiwanda kidogo kinaishi kwa mauzo ya mlangoni, na saa moja ya mwenyeji ina thamani kuliko glasi tano. Lakini usinunue kasha la chupa 12 ukiwa bado umesimama mezani, moyo umejaa na mwenyeji amekuwa rafiki. Toka nje, tembea hadi kwenye gari, rudi ununue ulichokuwa ukikifikiria njiani. Usinunue mvinyo wa eneo changa kwa nia ya kuuhifadhi miaka kumi na mitano, hata ukiahidiwa; hakuna chupa ya umri huo ya kuthibitisha ahadi hiyo. Nunua utakaokunywa mwaka huu.

Na ukishanunua, usiuache ndani ya gari. Gari lililofungwa juani linaweza kufikia nyuzi 50 za selsiasi na zaidi, na mvinyo hutanuka, husukuma kizibo, na kupikika. Nilipoteza chupa nane kwa namna hiyo, adhuhuri moja, wakati nikila chakula kirefu cha mchana kivulini. Vizibo vilikuwa vimejitokeza kidogo tu, nikavipuuza. Nilipofungua nyumbani, nyekundu zote zilikuwa na ladha moja, ya matunda yaliyochemshwa. Sasa hubeba boksi la kuhifadhi ubaridi, nalo huingia ndani pamoja nami kila ninapolala. Kama unavuka mpaka, ulizia kiasi kinachoruhusiwa bila ushuru kabla ya kununua.

Asiyekunywa pombe, mjamzito au dereva wetu, asiachwe nyumbani wala kuwekwa kwenye benchi. Shamba, mashine, mapipa na mazungumzo ni vyake pia, na kwa kuwa ulimi wake haujachoka mara nyingi ndiye anayeuliza maswali mazuri. Wakati wa mavuno aombe juisi mbichi kabla haijachachuka. Ni nzito, tamu kupindukia, na inaeleza mengi juu ya zabibu kuliko glasi iliyokaa kwenye pipa.

Andika kabla hujatoka langoni. Picha ya lebo haitoshi, kwa sababu wiki mbili baadaye picha zote hufanana; andika maneno matatu juu ya mvinyo na sentensi moja juu ya kile mwenyeji alichokuambia. Daftari langu la safari ile ya kwanza lina kurasa za sifa ambazo leo hazinikumbushi chochote, na mstari mmoja usemao: "Bondeni, baridi hutuama kama maji."

Mwishowe, rudi mahali palepale msimu mwingine badala ya kutafuta eneo jipya. Nilimpigia simu yule mzee baada ya miaka miwili, nikamuuliza kama sehemu ile ya chini imebaki nyasi. Aliniambia amepanda tena, safari hii zabibu inayochelewa kuchipua, na ameacha njia wazi kwenye ua wa miti ili hewa baridi ipate pa kutokea. Mavuno bado. Nikamwomba nije kuiona, akasema nije wakati wa kupogoa, na kwamba mkasi nije nao mwenyewe.